The Stand, Earth Abides au Station Eleven: uanze na riwaya ipi ya tauni?

Mtu akiniomba nimwelekeze riwaya ya kutisha kuhusu maradhi yanayofyeka dunia, huwa namuuliza kwanza: umezika lini mara ya mwisho? Wengine hushtuka. Lakini ndilo swali linalonisaidia kumpa kitabu kinachomfaa, kwa sababu riwaya kubwa za aina hii hazipishani sana kwa idadi ya wanaokufa. Kote wanakufa karibu wote. Zinapishana kwa namna walio hai wanavyowatendea maiti wao, na kwa kazi wanayoishika kesho yake asubuhi.

Nitalinganisha tatu. Ya kwanza ni The Stand ya Mmarekani Stephen King, iliyotoka 1978 na kutolewa upya ikiwa kamili mwaka 1990. Ya pili ni Earth Abides ya George R. Stewart, ya mwaka 1949, ambayo King mwenyewe amekiri kwamba ilimwathiri. Ya tatu ni Station Eleven ya Emily St. John Mandel, mzaliwa wa Kanada, iliyotoka Septemba 2014. Zote nimezisoma kwa Kiingereza, mbili nimezirudia. Nitasimulia ya mwanzo na ya katikati ili uweze kuchagua. Miisho nitakuachia mwenyewe.

Ugonjwa unavyoingia

Ukitaka kuuona ugonjwa wenyewe ukitembea, chagua King, usisite.

Katika toleo la 1990 hadithi inaanza usiku, kwenye kambi ya jeshi California ambako serikali inatengeneza kwa siri homa ya kivita. Kirusi kinaponyoka maabara. Mlinzi mmoja, Charles Campion, anapata mwanya wa kutoka kabla kambi haijafungwa. Anakimbilia nyumbani, anamwamsha mkewe, wanambeba mtoto wao wa kike na kuondoka kwa gari gizani. Baada ya safari ndefu gari hilo linagonga pampu za kituo cha mafuta katika mji mdogo wa Arnette, Texas, mbele ya wanaume waliokuwa wamekaa wakipiga soga. Mke na mtoto wameshakufa garini. Wanaume wale wanamtoa Campion kwa mikono yao wenyewe, kama mtu yeyote mwenye utu angefanya, na kwa huruma hiyo wanaupokea ugonjwa.

Homa hiyo watu wanaibatiza Captain Trips. Inaanza kama mafua ya kawaida, kisha shingo inavimba na kuwa nyeusi, na kila mwili unapojaribu kujenga kinga kirusi kinabadilika sura. Inaua zaidi ya watu 99 katika kila 100. Lakini hesabu hiyo haikunitisha. Kilichonitisha ni sura ya 8, kurasa chache tu. Polisi wa barabara kuu, aliyepita pale kituo cha mafuta kuonana na ndugu yake, anamsimamisha wakala wa bima kwa kwenda kasi. Anampa karatasi ya faini, na pamoja nayo anampa ugonjwa. Wakala anaingia mkahawani kula chakula cha mchana, anawaambukiza karibu wote waliomo, anamwachia mhudumu bakshishi ya dola moja. Familia iliyosimama kuuliza njia inaondoka na maelekezo na homa. King anasimulia haya kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji.

Sura hiyo niliirudia mwaka 2020, wakati kwetu watu wanajifukiza nyungu na kuchemsha tangawizi na limao. Kesho yake konda wa daladala alinirudishia noti ya elfu mbili, imelowa jasho la kiganja chake. Niliishika kwa ncha za vidole hadi nikashuka.

Mandel anaingia kwa mlango mwingine kabisa. Ni usiku wa baridi Toronto, ukumbi wa Elgin, watu wanaangalia King Lear, tamthilia ya Shakespeare. Mwigizaji mkuu, Arthur Leander, anaanguka jukwaani. Kilichomwangusha ni moyo, si homa. Kijana mmoja kutoka viti vya watazamaji, Jeevan, anaruka jukwaani kumbana kifua, na msichana wa miaka minane aitwaye Kirsten anasimama kando akitazama. Nje theluji inaanguka. Saa chache baadaye rafiki yake Jeevan, daktari, anampigia simu kutoka hospitali: ndege iliyotoka Moscow imeleta homa kutoka Georgia, ile nchi ya Kaukazi, na wagonjwa wanafurika. Mtu akiambukizwa asubuhi, jioni yuko hoi. Jeevan anaingia dukani, anajaza toroli saba, maji, vyakula vya makopo, karatasi za chooni, anazisukuma moja moja kwenye theluji hadi ghorofani kwa kaka yake, ambaye anatumia kiti cha magurudumu. Hapo wanajifungia. Basi. Mandel hakuonyeshi wodi, hakuonyeshi shingo nyeusi. Anaonyesha mtu mmoja anayesukuma toroli, na wewe unajua kinachokuja ilhali wapita njia hawajui.

Riwaya hiyo ilitoka mwezi mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza Ebola ya Afrika Magharibi kuwa dharura ya kimataifa, Agosti 2014. Mandel hakuweza kujua hilo alipokuwa anaandika, lakini waliosoma mwaka ule waliisoma wakisikiliza taarifa za Monrovia na Freetown.

Stewart, yeye, anaufupisha ugonjwa hadi karibu haupo. Mhusika wake Isherwood Williams, ambaye wote wanamwita Ish, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayefanya utafiti peke yake milimani. Anang'atwa na nyoka, anaugua kibandani siku kadhaa, na anaposhuka mabondeni anakuta hakuna mtu. Anapata gazeti, anasoma kwamba ni maradhi yanayofanana na surua, na hayo ndiyo karibu yote utakayoambiwa. Kama unachotafuta ni kuona hospitali zikifurika, Earth Abides itakukatisha tamaa kurasa thelathini za kwanza. Vumilia.

Hofu iko wapi

Kwa hofu ya mwili, ile inayokufanya uwashe taa, King hana mpinzani hapa. Kuna matukio mawili ambayo sijayasahau. La kwanza ni la Larry Underwood, mwanamuziki ambaye wimbo wake ulikuwa ndio kwanza unapendwa redioni dunia ilipokufa. Anatoka Manhattan kwa kupita njia ya chini ya mto, ile ya Lincoln, kwa miguu. Umeme umekatika. Magari yamebanana kutoka ukuta hadi ukuta, na ndani ya magari wenyewe bado wamekaa. Ana kiberiti cha gesi tu. Kikipata moto anakizima, anatembea kwa kupapasa, kisha anasikia nyayo nyuma yake.

La pili ni la Lloyd Henreid, mhalifu aliyefungwa gerezani Phoenix. Askari magereza wamekufa, wafungwa wenzake wamekufa, yeye ana kinga lakini mlango umefungwa. Anaanza kuwaza sungura aliyemfuga utotoni, akamsahau kwenye tundu hadi akafa njaa. King anamwacha Lloyd na wazo hilo siku nyingi. Mlango unapofunguliwa hatimaye, mwenye funguo ni Randall Flagg, shetani wa riwaya hii, na Lloyd anamwapia utii. Mimi ningeapa pia, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Tangu Flagg aingie, hofu ya kitabu inageuka. Walionusurika wanaanza kuota ndoto mbili: bibi mweusi wa miaka 108, Mama Abagail, anayewaita kwake Nebraska, na mtu wa giza anayewasubiri magharibi. Wanaomfuata bibi wanakusanyika Boulder, Colorado, mji ambao King mwenyewe aliishi miaka ya sabini. Wanaomfuata Flagg wanakwenda Las Vegas, ambako umeme unawaka, barabara ni safi, na wanaovunja sheria wanasulubiwa. Wengi wanaipenda sehemu hii. Mimi naona theluthi ya kwanza, ambayo shetani bado hajaonekana na ni kikohozi tu, inatisha kuliko miujiza yote inayofuata. Kama huwezi kustahimili mizimu na ndoto za kinabii ndani ya hadithi ya maradhi, lipime hilo kabla hujanunua.

Toleo refu lina sura nyingine ambayo ningependa kila mtu aisome, hata kama hasomi kitabu kizima. Ni orodha ya watu ambao homa iliwaacha hai, kisha wakafa kwa mambo madogo. Mtoto wa miaka mitano, ambaye hakuna mtu mzima aliyebaki wa kumwangalia, anatumbukia kisimani. Mwanamke anajifungia kwa bahati mbaya kwenye chumba cha barafu. Waliosalia nao wanapungua, mmoja mmoja, kwa kukosa jirani wa kuitika.

Stewart hatishi hivyo hata mara moja, na ndiyo maana nimeamua kumpa nafasi kubwa zaidi hapo mbele.

Maiti

Katikati ya 2021 tulimzika shangazi yangu. Jeneza halikufunguliwa. Tulisimama mbalimbali, barakoa usoni, maombi yakasomwa haraka, na jioni ileile kila mtu akarudi kwake. Hatukukaa matanga. Nyumba iliyozoea kujaa mikeka na masufuria ya kukodi ilikuwa na viti vinne vya plastiki. Niliporudia The Stand tena baadaye, niliruka kurasa nyingi za wema na uovu bila kujali. Nilikuwa namtafuta Frannie Goldsmith.

Frannie ni binti mjamzito wa mji mdogo wa pwani huko Maine. Baba yake, mtu mpole aliyependa bustani yake ya mboga, amefia kitandani, na joto la kiangazi halisubiri. Hakuna mchungaji. Mjini wamebaki wawili tu. Anamfunga kwa kitambaa cha nyumbani, anachimba kaburi mwenyewe humo bustanini, anapumzika mikono ikiuma, anaendelea. King, ambaye kwingine ana haraka ya kukutia kiwewe, hapa anapunguza mwendo kabisa. Ni kurasa za maziko halisi: uzito wa mwili, udongo, aibu ya kumgusa baba yako hivyo. Na baadaye Boulder, kati ya kazi za kwanza kabisa za mji mpya, inaundwa kamati ya kuzika. Watu wanajitolea kupakia maiti kwenye malori kabla mvua hazijaanza, wengine wanashindwa siku ya kwanza na kurudi nyumbani. Hakuna anayewacheka. King anaelewa kwamba mji hauwezi kuanza kabla wafu hawajahifadhiwa, na kwa hilo tu namsamehe mengi.

Mandel ana maiti wa aina nyingine, waliokauka. Sehemu kubwa ya riwaya yake iko miaka ishirini baada ya homa. Kirsten, yule msichana wa jukwaani, sasa ni mwigizaji katika kundi linalozunguka kandokando ya maziwa makuu ya Amerika Kaskazini, farasi wakivuta magari yaliyotolewa injini, wakipiga muziki na kuigiza Shakespeare kwenye vijiji vya watu mia moja au mia mbili. Njiani yeye na rafiki yake August huingia nyumba zilizoachwa kutafuta nguo na vitu vinavyofaa. Mara kwa mara wanakuta wenyeji bado wamelala vitandani, mifupa chini ya blanketi. August husimama akawaombea. Sentensi moja au mbili, kisha anaendelea kupekua makabati.

Na kuna ndege. Siku za mwanzo za homa, ndege nyingi zinaelekezwa kutua uwanja mdogo wa Severn City, na abiria wake wanakwama hapo maisha. Ndege moja inatua mwisho, inasimama mbali kwenye lami, na milango yake haifunguki kamwe. Mandel hasimulii kilichotokea ndani, sauti wala nyuso. Watu wa uwanjani wanaishi miaka na miaka wakiiona kupitia vioo, wanapika, wanazaa, wanafundisha watoto, na ndege iko palepale. Tukio hili liliniumiza kuliko njia yote ya giza ya Larry. Pengine ni kwa sababu ya lile jeneza lililofungwa.

Kwa Stewart maiti karibu hawaonekani. Ish anapita kwenye miji, anazijua nyumba za kutoingia kwa harufu, na mwandishi anageuza macho. Anavutiwa na mbwa, ng'ombe, sisimizi, panya, waridi za bustanini: nani atastawi binadamu akiondoka, nani atakwisha. Vipande hivyo ameviandika kando, kwa mwandiko wa mlazo, vifupi na vya kupendeza mno. Kama una msiba wa karibu, utakiona kitabu hiki ni baridi. Mimi ningekuambia usubiri mwaka.

Maji ya bomba

Sasa nifike kwa Stewart ipasavyo, maana ndiye anayepuuzwa na wasomaji wa hadithi za kutisha, na naona ni kosa.

Ish anaendesha gari kuvuka Marekani hadi New York, anakuta mume na mke waliobaki wanaishi kwenye fleti yao nzuri, wanakunywa pombe na kucheza karata. Ni watu wakarimu. Ish anaondoka akijua kwamba majira ya baridi yatawaua, nao hawajui. Anarudi nyumbani kwao karibu na chuo kikuu cha Berkeley, anakutana na Em, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, wanaishi kama mke na mume. Mwaka 1949, majimbo mengi ya Marekani bado yalikuwa na sheria zinazokataza ndoa kama hiyo. Watu wengine wachache wanajiunga nao, watoto wanazaliwa, na kila mwisho wa mwaka wanakwenda kwenye mwamba kuchonga namba ya mwaka na kuupa jina.

Na muda wote huo maji yanatoka bombani. Umeme ulikufa zamani, lakini maji yanatoka, kwa sababu mabwawa yako juu na mabomba yalijengwa vizuri. Hakuna anayejiuliza. Maduka yamejaa makopo, risasi zipo, kiberiti kipo. Maktaba ya chuo kikuu iko pale imefungwa, vitabu vyote salama, na Ish anapanga kila mwaka kwamba mwakani ataanza kuwafundisha watoto kwa dhati. Miaka zaidi ya ishirini inapita. Asubuhi moja mtu anafungua bomba, linakohoa, linakauka.

Sisi ambao tumekua na ndoo na madumu tunaielewa hofu hii kwa haraka kuliko msomaji wa London. Bomba linapokohoa, mtu wa Dar anajua la kufanya. Watu wa Ish hawajui. Wanatazamana. Na yeye, msomi wao pekee, anagundua kwamba ametumia miaka ishirini akisubiri wakati mzuri. Watoto wote isipokuwa mmoja, Joey, hawaoni maana ya kusoma. Wamekuwa wawindaji wazuri, wachangamfu, wenye afya, na wanachukua sarafu za zamani kuzigonga kuwa vichwa vya mishale, kwa sababu zinang'aa. Ukiuliza nini kinanitisha zaidi kati ya Randall Flagg na kijana mwema anayegonga sarafu kwa jiwe, akimsikiliza babu kwa heshima bila kuelewa neno lolote la anachosema, jibu langu ni kijana.

Jina la riwaya limetoka kitabu cha Mhubiri, pale panaposemwa vizazi huja na kupita na dunia ikabaki. Stewart anaamini neno hilo kikamilifu.

Mandel analijibu swali lilelile kwa njia ya huruma zaidi. Pale uwanja wa ndege mzee mmoja, Clark, anakusanya vitu visivyo na kazi tena: simu za mkononi, kompyuta, pasi za kusafiria, kadi za benki, viatu vya visigino virefu. Watoto waliozaliwa baadaye wanakuja kuvitazama. Nilipofika hapo niliitazama simu yangu mezani, yenye hela yangu yote, picha za shangazi na sauti yake kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp, nikaiweka chaji ingawa ilikuwa imejaa. Kundi la Kirsten limeandika kwenye gari lao la mbele kwamba kunusurika peke yake hakutoshi, maneno yaliyotoka kwenye filamu ya mfululizo ya Star Trek. Stewart angetikisa kichwa. King angewapa kamati na mkutano wa hadhara. Mandel anawapa tamthilia na muziki, na anaamini kwamba zinatosha kumfanya mtu atembee maili nyingine ishirini.

Yanayokera

King ni mrefu. Toleo la 1990 lina zaidi ya kurasa 1,100, na katikati, mikutano ya Boulder inachosha. Lugha yake ni ya mtaani, Marekani ya miaka ya sabini, hata pale alipozisogeza tarehe za hadithi hadi 1990, kwa hiyo msomaji asiyezoea Kiingereza hicho atakwama. Kuna ukatili wa kingono kwenye toleo refu ambao sitausoma tena. Na Mama Abagail, ingawa nampenda, ameumbwa ili awafae wengine: bibi mweusi mtakatifu anayewaongoza weupe kisha anajitenga. Kuhusu Afrika, kitabu kipana hivi hakina la kusema.

Stewart anamwacha Ish awadharau wenzake bila kumkosoa vya kutosha. Fundi seremala wa jamii ile, mtu wa kazi anayejua kuziba paa, anatazamwa kama mzito wa akili, wakati yeye ndiye anayewasitiri wote. Wanawake, ukimtoa Em, hawana sauti.

Mandel anaruka miaka huku na huko bila kukuonya, na waliozoea hadithi iliyonyooka watarudi nyuma mara kadhaa. Nabii wake, kiongozi wa dhehebu la hatari, ni mwembamba akiwekwa kando ya Flagg. Wahusika wanakutana kwa bahati mara nyingi mno. Lakini Kiingereza chake ni chepesi kuliko vyote vitatu, na kitabu ni kama kurasa 330 tu. Wikiendi mbili zinatosha.

Kama umeamua The Stand, toleo lipi?

Utazikuta zote mbili kwenye meza za vitabu vya mtumba, kwa hiyo angalia mwaka kabla hujalipa. Mchapishaji alimtaka King apunguze mamia ya kurasa mwaka 1978 kwa sababu ya gharama za uchapaji. Toleo lile fupi, zaidi ya kurasa 800 hata hivyo, linaanzia pale kituo cha mafuta Arnette, na lina mwendo mzuri. La 1990 linaongeza kutoroka kwa Campion mwanzoni na kipande kifupi mwishoni kinachobadilisha ladha ya hadithi nzima. Mimi huwaambia wasomaji wa mara ya kwanza wachukue la 1990, na wakifika kwenye safari ya kijana katili aitwaye The Kid waruke bila kujuta. Ukipata la 1978 kwa bei nzuri, chukua pia. Hautapotea njia.

Zote tatu zimefanyiwa tamthilia za televisheni. Inayostahili muda wako ni Station Eleven, vipindi kumi vilivyoanza Desemba 2021, ingawa imehamishia mengi Chicago na kubadilisha uhusiano wa Jeevan na Kirsten kwa namna itakayokushangaza kama umesoma kwanza.

Basi uchukue ipi

Kama hujawahi kusoma riwaya ya namna hii na unataka kutishwa, hujafiwa karibuni, na una mwezi mzima: King, toleo la 1990. Soma mchana hadi umalize ile njia ya chini ya mto.

Kama wewe ni mwalimu, au mzazi unayejiuliza watoto wako watajua nini ambacho wewe hukukifundisha: Stewart. Ni kati ya kurasa 300 na 400, lugha yake ni safi, na nusu ya mwisho inalipa uvumilivu wa mwanzo.

Kama umefiwa, na hasa kama ulizika bila kuaga: Mandel. Usianze na nyingine yoyote.

Binti wa shangazi yangu nilimpa Station Eleven mwaka jana. Hakuwa msomaji wa riwaya, na nilimwambia asijilazimishe. Baada ya wiki tatu alikirudisha kitabu kimefungwa kwenye mfuko wa karatasi. Alikuwa ameweka kipande cha kanga katikati, kwenye ukurasa wa ile ndege, na kurasa zilizofuata zilikuwa zimekunjwa pembe moja moja hadi ya mwisho.